Miaka 134 ya Kumsubiri Achilles

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawakosi kuniuliza: je, sayari mbili zinaweza kulizunguka jua kwenye njia moja bila kugongana? Jibu naanzia Berlin, mwaka 1772.

Huko ndiko Joseph-Louis Lagrange alikoandika insha yake juu ya magimba matatu yanayovutana, na Akademia ya Sayansi ya Paris ikamtuza yeye pamoja na Leonhard Euler. Alionyesha kwamba magimba yakikaa kwenye pembe za pembetatu yenye pande sawa, yatazunguka na umbo lile lisivurugike. Yaani sayari moja iitangulie nyenzake kwa digrii 60. Lagrange mwenyewe hakutarajia kuuona mpangilio huo angani. Mimi husisitiza hapo: hesabu ilikuwa sahihi hata kabla haijapata mfano.

Mwaka 1843 Gascheau, Mfaransa, akaongeza sharti: jua lizidi sayari hizo kwa uzito kiasi cha mara 25, la sivyo mtikisiko mdogo tu utazitawanya. Jua letu linaizidi Mshtarii zaidi ya mara 1,000.

Kisha ikaja kamera. Kule Heidelberg, Max Wolf alipiga picha za anga huku darubini ikizifuata nyota kwa muda mrefu. Kwenye bamba la kioo nyota zilibaki vitone. Asteroidi, kwa kuwa inasogea, iliacha mstari mwembamba. Februari 22, 1906 alinasa moja iliyokwenda polepole mno, na kwenda polepole ni dalili ya kuwa mbali na jua. Carl Charlier wa Lund, Sweden, akatambua kwamba iko karibu digrii 60 mbele ya Mshtarii. Ikaitwa Achilles. Mwaka huohuo August Kopff akapata Patroclus, upande wa nyuma. Leo zinajulikana maelfu.

Zohali nayo ina Janus na Epimetheus, miezi ambayo njia zake zimeachana kilomita 50 tu, pungufu ya upana wa mwezi wowote kati ya hiyo miwili. Kila baada ya miaka minne hivi hukaribiana, huvutana, hubadilishana njia, kisha kila mmoja ukaendelea na safari yake.

Sayari mbili kamili bado hazijathibitishwa. Ila Julai 2023 wanaastronomia waliotumia darubini za redio za ALMA, huko Chile, walitangaza dalili za wingu la vumbi kwenye njia ya PDS 70 b, sayari ya nyota nyingine, digrii 60 hivi nyuma yake. Picha za baadaye ndizo zitakazoonyesha kama wingu na sayari vinasogea pamoja.