Kibali cha Uwanja katika Usukuma

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Walakini methali hiyo haielezi ni nani aliye na mamlaka ya kuufungua uwanja ili mchezaji apate kucheza. Katika Shinyanga na Geita swali hilo limejibiwa kwa namna mbalimbali, na kila jibu limeonyesha watawala waliwahesabu watu gani kuwa ni umma. Siku hizi kikundi kinachotaka uwanja wa halmashauri kwa ajili ya arusi, mahubiri au mashindano huandika barua, huulizwa tarehe, kisha hutajiwa ada. Jambo hili laonekana dogo. Lakini asiyejua yaliyotangulia hawezi kulipima sawasawa.

Tuanze na mbina, yaani ngoma za Wasukuma. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana mahali pamoja, kila upande ukiwa na manju wake, dawa zake na mbinu zake. Mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo umma wenyewe ndio mwamuzi, nao hutoa hukumu kwa miguu, kwa kuhama kutoka upande huu hadi ule. Uwanja wa namna hiyo hauna maana yo yote pasipo watu walio huru kuja na kuondoka.

Serikali ya Waingereza iliutazama mkusanyiko kwa jicho jingine. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi uwezo wa kutoa amri kwa watu wao, nao watemi walikuwa chini ya Bwana Shauri. Siasa ilipoanza kupamba moto, mkono huo ulikazwa. Tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958 TANU haikuruhusiwa kuendesha kazi zake katika Usukuma. Vyama vya ushirika wa pamba, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, vikawa miongoni mwa mahali pachache ambapo wakulima waliweza kukutana kwa halali. Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la rangi mchanganyiko ambalo serikali ililianzisha bila ya ridhaa yao. Mamia wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, na mwisho polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hapana aliyewadai ada watu wale. Walichonyimwa ni haki ya kusimama pamoja na kusikilizwa.

Baada ya Uhuru utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na mwaka 1972 halmashauri nazo zikavunjwa. Katika miaka ya chama kimoja mpaka kati ya mali ya chama na mali ya umma haukuonekana wazi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja kadha wa kadha nchini, na Kambarage wa Shinyanga mmojawapo, vilibaki mikononi mwa CCM. Na mjadala juu ya nani hasa mwenyewe haukwisha. Sheria ya mwaka huohuo iliwataka wanasiasa wawape polisi taarifa ya saa 48 kabla ya mkutano wa hadhara. Hata hivyo, mikutano hiyo ilizuiwa kwa tamko la Rais mwaka 2016, na katazo halikuondolewa mpaka Januari 2023. Katika miaka hiyo chama kingeweza kuwa na fedha za kulipia uwanja na bado kikakosa mahali pa kusema.

Hapa ndipo yatupasa kutenganisha ada na kibali. Ada ina sababu yake: majani hufyekwa, vyoo husafishwa, taka huzolewa, mlinzi hulipwa. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliziwezesha halmashauri kutunga sheria ndogo na kutoza ada, na madiwani ndio wapitishao. Ada iliyoandikwa na kubandikwa ukutani ni bora kuliko hisani ya mkubwa, maana humpa mnyonge neno la kushika mkononi. Lakini katika nchi ya dhahabu kiwango kimoja hakiwaangukii wote kwa uzito mmoja. Kampuni ya mgodi haitahisi kiasi ambacho kwa kikundi cha wachimbaji wadogo, au cha wanawake wanaoweka akiba pamoja, ni jasho la mwezi mzima. Wakishindwa kulipa, lango limefungwa kama lilivyofungwa zamani, ila safari hii hakuna wa kulaumiwa.

Basi, madiwani wanapokaa kupanga viwango, wasiulize tu uwanja utaingiza kiasi gani. Waweke daraja la chini kwa wasiotafuta faida. Anayelipa apewe stakabadhi. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, ili aweze kuzipinga mbele ya watu.