Kutoka Kitabu cha Nasaba hadi Leseni: Uzalishaji wa Mbwa Uingereza na Mkasa wa Basenji

Mzalishaji wa mbwa nchini Uingereza anaweza leo kuwa na karatasi mbili zenye maana tofauti kabisa, ingawa wanunuzi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha nasaba, ambacho hutaja wazazi na mababu wa mbwa kwa vizazi kadhaa. Ya pili ni leseni au cheti cha ithibati, ambacho hakimhusu mbwa bali kinamhusu mtu aliyemzalisha, namna anavyotunza wanyama wake, vipimo anavyowafanyia kabla ya kuwapandisha na umri ambao watoto wao huuzwa. Karatasi ya kwanza ina historia ya karibu karne moja na nusu, na ya pili, kwa sura iliyo nayo sasa, ni ya juzi tu. Katika muda mrefu uliozitenganisha, damu ya mbwa ilithibitishwa kwa makini huku afya yake na mwenendo wa mzalishaji wake vikiachwa bila wa kuvithibitisha, na wengi wa wanyama hao walizaliwa wakiwa na maradhi ambayo hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuyazuia.

Wazo la kuandika nasaba ya mnyama halikuanzia kwa mbwa. Katika karne ya 18 Robert Bakewell, mkulima wa Dishley katika jimbo la Leicestershire, alipata sifa kubwa kwa kupandisha kondoo na ng'ombe wa damu moja, baba kwa binti na kaka kwa dada, ili sifa alizozitaka, hasa wingi wa nyama, zijirudie katika kila uzao. Njia hiyo ilifaa kwa mnyama wa kuchinjwa, ambaye haishi muda mrefu wa kutosha kuonyesha kila kasoro aliyorithi. Mwaka 1791 kilitoka kitabu cha nasaba cha farasi wa mbio, General Stud Book, na mwaka 1822 kikafuata kitabu cha George Coates cha ng'ombe wa Shorthorn. Wenye makundi ya mbwa wa kuwinda mbweha nao walikuwa na madaftari yao tangu karne hiyo ya 18, lakini wao walimpima mbwa kwa kazi, hivi kwamba aliyeshindwa kukimbia au kunusa hakupandishwa, hata angekuwa na umbo la kupendeza kiasi gani.

Kipimo hicho kilibadilishwa na maonyesho. Yale yanayohesabiwa kuwa ya kwanza yalifanyika Newcastle upon Tyne mwezi Juni 1859, yakiwa na mbwa 60 wa aina mbili tu, pointer na setter, ambao wote ni mbwa wa kumwonyesha mwindaji mahali walipojificha ndege, na zawadi zilikuwa bunduki. Mwamuzi wa pointer ndiye aliyekuwa mwenye setter aliyeshinda, na mwamuzi wa setter ndiye aliyekuwa mwenye pointer aliyeshinda. Huenda uamuzi ulikuwa wa haki, lakini tukio hilo linaonyesha jinsi uwanja ulivyokuwa hauna kanuni, na maonyesho yalipoenea katika miji mingine hali hiyo ilienda pamoja nayo, kwa kuwa mbwa wengi waliitwa jina moja na ilikuwa rahisi kumwonyesha mmoja kwa sifa za mwingine.

Chama cha Kennel Club kiliundwa London tarehe 4 Aprili 1873 ili kuleta utaratibu, kikiongozwa na Sewallis Evelyn Shirley, aliyekuwa mbunge. Kitabu chake cha kwanza cha nasaba kilichapishwa mwaka 1874 kikiwa na kumbukumbu za mbwa 4,027 walioshindanishwa tangu 1859, na mwaka 1880 kikaanza uandikishaji wa majina ili pasiwe na mbwa wawili wa jina moja. Inafaa kuzingatia ni tatizo gani chama hiki kilikusudia kulitatua: lilikuwa tatizo la udanganyifu katika mashindano, wala si tatizo la ugonjwa. Hata ukweli wa nasaba yenyewe ulitegemea kauli ya mzalishaji aliyejaza fomu, kwa sababu kabla ya vipimo vya vinasaba hapakuwa na njia ya uhakika ya kumthibitisha baba. Mara chache chama kiliingilia ustawi wa mnyama, na mfano unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1898, pale mbwa waliokatwa masikio ili yasimame walipopigwa marufuku katika maonyesho, baada ya mrithi wa kiti cha ufalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward VII, kuupinga ukatili huo hadharani.

Utaratibu huo ulienea haraka. Marekani ilipata American Kennel Club mwaka 1884, nchi tano za bara la Ulaya zikaunda shirikisho la Fédération Cynologique Internationale mwaka 1911, na Afrika Mashariki nayo ina East Africa Kennel Club, yenye makao Nairobi. Kila mahali kanuni ilikuwa moja: mbari, yaani kundi la mbwa wa umbo na tabia moja wanaozaana wao kwa wao, iliandikiwa vigezo vya sura, na baada ya muda kitabu chake kikafungwa, kwa maana kwamba aliyeweza kuandikishwa ni yule tu ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa wameandikishwa. Kitabu kilichofungwa hulinda umbo vizuri sana. Hata hivyo, humfungia ndani kila mtoto pamoja na kasoro zote walizokuwa nazo waasisi, na waasisi wakiwa wachache, jeni mbovu ambayo ingekaa kimya kwa vizazi vingi hukutana na mwenzake upesi.

Hakuna mbari inayoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko basenji, ambaye historia yake inaanzia katika nchi ya Kongo. Basenji ni mbwa wa uwindaji wa misitu ya Kongo na nyika za Sudan Kusini ya leo, mwenye masikio yaliyosimama, paji lililokunjamana na mkia uliojiviringa juu ya kiuno. Habweki kama mbwa wengine, ingawa si bubu, kwani hutoa sauti ndefu inayokaribia kuimba, na jike wake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati majike ya mbari nyingi hupata mara mbili. Wambuti wa msitu wa Ituri, katika pande ambazo Kiswahili kinazungumzwa hadi leo, pamoja na Wazande wa upande wa kaskazini, wamemtumia kwa kufukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu, na humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo ndani ya kichaka kizito. Watu hao hawakuwa na kitabu cha nasaba wala onyesho, lakini msitu na kazi viliwachagulia mbwa kwa ukali kuliko mwamuzi yeyote, na aliyesalia kuzaa alikuwa ameshathibitisha kwamba ana miguu, pua na afya.

Kumhamishia Ulaya haikuwa rahisi. Basenji walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895, nao wakafa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na mishipa ya fahamu, ambao miili yao haikuuzoea. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudan, na hao nao walikufa, safari hii kutokana na chanjo ya ugonjwa huo huo, iliyokuwa bado haijakamilika. Aliyefanikiwa ni Olivia Burn, ambaye mbwa wake kutoka Kongo walizaa na kuvuta umati wa watu katika Crufts ya mwaka 1937. Kutoka kwa mbwa hao na wengine wachache walioongezwa baadaye, akiwemo jike aliyeitwa Fula, ambaye Veronica Tudor-Williams alimleta kutoka kusini mwa Sudan mwaka 1959, ndipo wakatoka karibu basenji wote wa Ulaya na Marekani.

Matokeo yalionekana baada ya miongo michache. Kwanza ulijitokeza ugonjwa wa upungufu wa damu unaosababishwa na kukosekana kwa kimeng'enya ndani ya chembe nyekundu, hata chembe hizo zikavunjika kabla ya wakati wake. Katika miaka ya 1970 kipimo cha damu kiliwezesha kuwatambua wabebaji, yaani mbwa wazima wenye jeni moja mbovu na moja njema, na wazalishaji wakafanya walichoamini kuwa ni wajibu wao: waliwaondoa wabebaji hao katika uzazi, na ugonjwa ukapungua mno. Lakini kila mbebaji aliyeondolewa aliondoka pia na maelfu ya jeni njema ambazo mbari iliyokwisha kuwa finyu ilizihitaji. Baada ya hapo ukaenea ugonjwa wa Fanconi, ambao hufanya figo zishindwe kurudisha sukari na madini mwilini, kwa hiyo mbwa hunywa maji bila kukoma, hukonda, na asipotibiwa hufa. Nchini Marekani ulikadiriwa kumpata basenji mmoja kati ya kumi. Wazalishaji wengi wa basenji wenyewe wamekuja kuamini kwamba usafishaji ule wa kwanza, uliofanywa kwa nia njema kabisa, ndio ulioupa Fanconi nafasi, na maelezo yao yanaafikiana na yale ambayo elimu ya urithi inafundisha kuhusu makundi madogo.

Hapo ndipo wazalishaji wa Marekani walipofanya jambo ambalo vitabu vya nasaba vilikuwa vimeundwa kulizuia. Mwaka 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri hadi kaskazini mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakawatafuta mbwa vijijini, na mwaka 1990, kwa ombi la chama cha basenji cha Marekani, American Kennel Club ikakifungua kitabu kwa ajili ya mbwa 14 wapya. Kilifunguliwa tena kati ya 2009 na 2013. Mbwa wa mwindaji wa Kongo, asiye na karatasi yoyote, akaitwa kuokoa damu iliyokuwa na karatasi za miaka hamsini. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha vinasaba cha Fanconi, kikafuatwa na kipimo sahihi zaidi mwaka 2011, na safari hii mbebaji hakuhitaji kutupwa, kwa kuwa akipandishwa na mbwa asiye na jeni hiyo hakuna mtoto anayeugua, na mzalishaji anaweza kuwachagua watoto waliosalimika kwa kizazi kinachofuata.

Si kila mbari ilikubali dawa yake upesi hivyo. Karibu dalmatian wote, mbwa weupe wenye madoa meusi, walirithi jeni inayojaza asidi ya yuriki katika mkojo, na baadhi yao huziba njia ya mkojo kwa mawe. Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa urithi nchini Marekani, alimpandisha dalmatian mmoja na pointer ili airudishe jeni njema, kisha vizazi vyote vilivyofuata akavirudisha kwa dalmatian. Upinzani wa wapenzi wa mbari hiyo ulizuia uandikishaji wa uzao huo kwa miongo mitatu, hadi American Kennel Club ilipoukubali mwaka 2011, wakati ambapo mbwa hao, kwa sehemu kubwa kabisa ya damu yao, hawakuwa na tofauti na dalmatian wengine isipokuwa afya. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila uchungu, kwa sababu elimu ilikuwepo tangu mwanzo.

Uwajibikaji wa mzalishaji mwenyewe uliingia kwa mlango wa sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 iliagiza wenye mabanda ya kuzalishia mbwa wapate leseni ya halmashauri, na ile ya 1999 ikamkataza mwenye leseni kupandisha jike asiyetimiza mwaka mmoja, kumzalisha zaidi ya mara sita maishani, au kumzalisha mara mbili ndani ya miezi 12. Kennel Club ilianzisha mpango wa hiari wa wazalishaji walioidhinishwa mwaka 2004, lakini msukumo mkubwa ulitoka nje ya chama, mwezi Agosti 2008, pale filamu ya Jemima Harrison, Pedigree Dogs Exposed, iliporushwa na BBC ikiwaonyesha mbwa aina ya cavalier wakiteseka kwa mafuvu yasiyotosha ubongo. Mwaka huo huo watafiti wa chuo cha Imperial, London, walionyesha kwamba boxer wapatao 20,000 walikuwa na utofauti wa kijeni unaolingana na wa mbwa 70 tu. BBC iliacha kutangaza Crufts, na mwaka 2009 chama kikakataa kuandikisha watoto wa baba na binti, wa mama na mwana, au wa ndugu wa tumbo moja, mambo ambayo tangu enzi ya Bakewell yalihesabiwa kuwa ufundi. Ripoti ya Profesa Patrick Bateson wa Cambridge ilifuata Januari 2010, na mwaka 2013 mpango wa wazalishaji ukapata kibali cha chombo cha taifa cha ithibati, hivyo aliyeingia katika mpango huo alikaguliwa nyumbani kwake.

Kanuni za England za mwaka 2018 ndizo zilizounganisha nyuzi hizi. Anayepata uzao mara tatu au zaidi katika miezi 12 na kuuza watoto wake lazima awe na leseni, mtoto hauzwi kabla ya wiki nane, na mnunuzi lazima amwone pamoja na mama yake. Aidha, mwenye leseni haruhusiwi kumpandisha mbwa ambaye jeni zake, umbo lake au afya yake vinatoa sababu ya kutarajia kwamba mama au watoto watadhurika. Tangu Aprili 2020, kwa sheria iliyopewa jina la Lucy, cavalier aliyeokolewa kutoka banda la uzalishaji wa wingi huko Wales, wachuuzi wa kati hawaruhusiwi tena kuuza watoto wa chini ya miezi sita. Kipengele cha jeni na umbo ndicho kizito kuliko vyote, kwa kuwa kinamtaka mzalishaji aufikirie ugonjwa kabla haujazaliwa. Hata hivyo kinambana mwenye leseni tu, na anayezalisha mara moja au mbili kwa mwaka bila kuifanya biashara yuko nje ya leseni hiyo, hata kama jike wake ni bulldog mwenye pua bapa kiasi cha kuhema kwa shida.