Jiwe Lililoangushwa Kutoka Mlingotini

Kwa karne nyingi wataalamu walisumbuliwa na swali lililoonekana dogo: mshale ukishatoka katika upinde, ni nini kinachouendesha? Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila kiendacho huendeshwa na kitu kinachokigusa. Kwa kuwa kamba ya upinde imebaki nyuma, basi hewa ndiyo iusukumayo mshale. Katika karne ya 6, Philoponus wa Aleksandria, nchini Misri, alilikataa jibu hilo. Kwa maoni yake, mrushaji hutia nguvu ndani ya kitu chenyewe, na hewa ni kizuizi tu.

Katika karne ya 17 swali hilo likawa la hatari. Copernicus alikwisha kuandika, mwaka 1543, kwamba dunia hujizungusha na kulizunguka jua. Wapinzani wakauliza: ikiwa dunia yazunguka kuelekea mashariki, mbona jiwe liangushwalo kutoka mnarani halibaki nyuma, upande wa magharibi? Wakatoa mfano wa merikebu iendayo: walidai kwamba jiwe likiachwa juu ya mlingoti, huanguka nyuma yake. Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1632, alijibu kwamba jiwe huangukia penye shina la mlingoti, kwani tangu mkononi mwa baharia lina mwendo wa merikebu. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa huko Roma ilimhukumu kwa kuutetea mwendo wa dunia, akafungiwa nyumbani hadi kufa kwake mwaka 1642.

Mwaka 1640 Pierre Gassendi, padri Mfaransa, alilijaribu jambo hilo huko Marseille. Merikebu ya makasia ilipokuwa ikienda kasi, mawe yaliangushwa kutoka mlingotini. Yakaanguka chini yake, kana kwamba merikebu imetia nanga. Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba dunia yazunguka. Lakini liliiondoa hoja kubwa ya waliokana.

Isaac Newton alilikamilisha wazo hilo mwaka 1687. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kiendacho huendelea kwa kasi ile ile katika mstari ulionyooka, mpaka nguvu ya nje ikibadilishe. Nguvu hiyo, ambayo vitabu vya fizikia vya Kiswahili huiita kani, haihitajiki ili mwendo udumu, bali ili ubadilike. Kiasi cha badiliko hutegemea tungamo, yaani wingi wa maada: kani moja ikisukuma vitu viwili, chenye tungamo maradufu hupata nusu tu ya mchapuko wa mwenzake.

Tabia hiyo ya vitu huitwa inesha. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya uvivu, ambalo Johannes Kepler alilitumia kueleza jinsi vitu vikataavyo kuanza kwenda. Newton aliipanua maana hiyo: vitu hukataa pia kuacha. Hapo ndipo mfano wa uvivu unapokoma, kwani mvivu hajulikani kwa kukataa kupumzika. Abiria wa lori aonaye mwili wake ukienda mbele dereva afungapo breki hakusukumwa na yeyote. Lori limezuiwa, yeye bado anaendelea na safari, sawa na lile jiwe la Marseille.