Mboga Zilizoitwa Magugu

 

Mama, unakumbuka chungu cha nyanya yako, mzaa mama? Ndani mlikuwa na managu, terere, sagaa, kunde au mrenda, na kando yake ugali wa wimbi au mtama. Kule Kisii, mama aliyejifungua alipikiwa chinsaga apate nguvu.

Chungu hicho kilibadilika polepole. Wareno walileta mahindi pwani yetu katika karne ya 16, lakini huku bara yalienea sana wakati wa ukoloni. Vibarua wa mashamba ya walowezi walipewa posho ya unga wa mahindi, wakauzoea ugali mweupe. Wimbi na mtama vikapungua shambani. Kabeji na sukuma wiki, mboga za wageni, zikajaa sokoni. Sukuma wiki ni mboga nzuri, haina kosa. Kosa letu lilikuwa kuziita mboga zetu chakula cha maskini.

Hata wasomi walizidharau. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, alilelewa kwa mboga hizi kwa sababu utotoni mwili wake haukupatana na maziwa, mayai na samaki. Alipokwenda kusomea kilimo miaka ya 1980, alikuta zikiitwa magugu. Akazifanyia utafiti miaka mingi. Leo managu huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Mwaka wa 2021, UNESCO iliorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa mataifa mengine.

Kwa nini historia hii ikuhusu wewe? Kwa sababu ya damu na macho ya mtoto wako. Upungufu wa damu huwapata sana wajawazito na watoto wadogo. Majani haya yana madini ya chuma, foliki na vitamini A.

Basi yapike vyema. Osha kabla ya kukata. Tumia maji kidogo, usichemshe kwa muda mrefu, na usimwage mchuzi wake. Tia mafuta kidogo ili mwili upokee vitamini A. Kamulia ndimu, au kula chungwa baadaye, ili madini ya chuma yaingie vizuri mwilini. Chai usinywe pamoja na chakula. Ingoje kama saa moja.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee mboga pamoja na maharagwe, yai au omena, huku ukiendelea kumnyonyesha. Majani peke yake hayatoshi. Nawe mjamzito, usiache tembe za kuongeza damu unazopewa kliniki.

Kama nyanya yako yu hai, mwombe mbegu. Panda hata kwenye gunia nyuma ya nyumba. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.