Nyota, 150, reli: Pesa za simu zilivyoingia Ngara na Biharamulo

Madereva wa malori yanayopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura wana kituo chao wilayani Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanachokiita Benaco. Wenyeji nao hukiita hivyo hivyo. Jina hilo lilikuwa la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Mkandarasi alimaliza kazi akaondoka, jina lake likabaki pale. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na Benaco ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Desemba 1996 wakimbizi hao walirudishwa kwao. Jina halikurudi nao.

Hivyo ndivyo jina la kampuni linavyoweza kuota mizizi mahali: watu wakiishi nalo, linakuwa lao. Miaka kadhaa baada ya kambi kufungwa, majina mengine ya kampuni yalianza kuingia Ngara na wilaya jirani ya Biharamulo, na haya yaliingia kupitia simu. M-Pesa, Tigo Pesa, Airtel Money na Halopesa leo yanatajwa gulioni Rulenge, stendi ya Nyakanazi na katika kata ya Kirushya kama yanavyotajwa Kariakoo. Historia ya namna yalivyopokelewa ni historia ya mambo madogo: namba ya kupiga, mpangilio wa menyu, ujumbe wa kuthibitisha, rangi ya kibanda.

Enzi za bahasha

Kabla ya hapo, kijana wa Ngara aliyekwenda kutafuta maisha Kahama, Geita au Mwanza alikuwa na njia chache za kumtumia mama yake pesa. Angeweza kwenda posta. Angeweza kusubiri mtu wa nyumbani anayerudi likizo. Lakini iliyozoeleka zaidi ilikuwa bahasha: noti zinakunjwa ndani ya karatasi, jina linaandikwa juu, kisha bahasha inakabidhiwa kwa kondakta wa basi. Mpokeaji alipaswa kujua basi linafika lini, atembee hadi barabarani, na aombe kondakta awe mwaminifu.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro nyingi, lakini ilieleweka. Mtumaji alimwona usoni aliyempa pesa zake, na mpokeaji aliipapasa bahasha. Huduma yoyote mpya ilipaswa kushindana na uhakika huo wa macho na mikono.

M-Pesa ilianza kama rejesho la mkopo

Mwaka 2005 wataalamu wa Vodafone, wakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, walianza kujaribu nchini Kenya mfumo wa kulipia mikopo midogo kwa simu. Walishirikiana na kampuni ya simu ya Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, wakawafuatilia wateja wa Nairobi na Thika. Walichokiona hakikuwa kwenye mpango. Wateja walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao, na wengine wakiweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni.

Wabunifu wakafanya jambo la busara: wakawafuata watumiaji. Rejesho la mkopo likawekwa kando, na huduma ikazinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa na kwa ahadi moja tu, kutuma pesa nyumbani. Kila Mkenya aliyeondoka kijijini kwenda mjini aliielewa bila kufafanuliwa. Ndani ya mwaka mmoja hivi waliojiunga walikuwa wameshafika milioni 2.

Tanzania haikukimbia

M-Pesa ilivuka mpaka Aprili 2008 kupitia Vodacom Tanzania, na wengi walidhani itapaa vile vile. Haikupaa. Baada ya miezi 14, Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7 na Tanzania 280,000. Jina lilikuwa lile lile, mmiliki wa teknolojia ni yule yule, lakini mtu wa kawaida alikutana na kitu tofauti.

Sababu zilikuwa kadhaa. Tanzania ni kubwa na watu wake wametawanyika, na Vodacom haikuwa imelishika soko kama Safaricom ilivyolishika la Kenya. Mawakala walikuwa wachache, na huduma ya pesa isiyo na wakala karibu ni sawa na kisima kisicho na kamba. Kulikuwa pia na suala la menyu yenyewe. Kenya menyu ilikaa ndani ya laini ya simu, mtu akaifungua na kujaza taratibu. Tanzania mteja alipiga nyota, 150, nyota, sifuri sifuri, reli, kisha akajibu maswali moja baada ya jingine huku mtandao ukihesabu muda. Asiye mwepesi wa kubonyeza, au aliye kwenye bonde lenye mawimbi hafifu, alikatiwa njiani akaanza upya.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na faida ambayo vijijini ilikuja kuthaminiwa. Ilifanya kazi kwenye simu yoyote, hata kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira. Haikuhitaji intaneti. Na iliongea Kiswahili chepesi: tuma pesa, toa pesa, ingiza namba ya siri. Mtu hakuhitaji kusoma maelezo marefu. Alikariri mfuatano wa namba, kama anavyokariri njia ya kwenda shambani.

Mawakala walipoongezeka, takwimu zikageuka. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2009 ulionyesha Watanzania wazima waliotumia huduma rasmi za fedha ni takriban asilimia 16. Ule wa 2013 ulikuta wamepita nusu, na chanzo kikubwa cha kupanda huko kilikuwa simu.

Rangi ya kibanda na neno "Imethibitishwa"

Huduma isiyoshikika ilihitaji kitu cha kuonekana, na kampuni zikakipata kwenye kuta. Maduka yalipakwa rangi kuanzia msingi hadi paa: bluu ya Tigo, nyekundu ya Airtel, baadaye rangi ya chungwa ya Halotel, iliyoingia 2015 ikiwa na shabaha kubwa ya vijijini. Vodacom nayo ilihama kutoka bluu kwenda nyekundu mwaka 2011. Kwa asiyejua kusoma, rangi ilikuwa kibao tosha: mjukuu aliambiwa nenda kwenye duka jekundu lile la pembeni. Kampuni mbili zilipokuwa na wekundu uliokaribiana, maelekezo yakahitaji neno la ziada.

Redio nayo ilibeba majina hayo. Ngara ina Radio Kwizera, iliyoanzishwa 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na wasikilizaji wake wamezagaa pande zote za mpaka. Jina likisikika redioni asubuhi na kuonekana ukutani mchana, ugeni unapungua.

Lakini imani hasa ilijengwa na ujumbe mfupi. Muamala ukikamilika, simu inalia, na kwenye ujumbe kuna neno "Imethibitishwa", kiasi, namba ya muamala na salio. Ujumbe huo uliziba pengo la bahasha. Watu waliuhifadhi, wakauonyesha kwa mwenye deni, wakaupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji ugomvi ulipotokea. Wakala kwa upande wake alikuwa na daftari, mteja akaandika jina na kusaini. Mfumo wa kisasa ukasimama juu ya karatasi yenye mistari, na huo haukuwa udhaifu: daftari ndilo watu walilolizoea tangu enzi za vyama vya ushirika vya kahawa.

Watumiaji nao waliongeza desturi ambayo hakuna mbunifu aliyeiandika. Anayetuma pesa kwa heshima hutuma "na ya kutolea", yaani huongeza makato ambayo mpokeaji atakatwa kwa wakala. Mama mkwe akipokea kiasi kamili bila ya kutolea, ataelewa amepimwa kwa kiasi gani.

Jina litakuja

Mlango ulio rahisi kwa mwenye nyumba ni rahisi pia kwa mwizi. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulisambaa nchi nzima hadi ukawa mzaha wa vijiweni. Matapeli walikuwa wameielewa huduma vizuri. Walijua kwamba karibu kila Mtanzania ana mtu anayemdai au anayemsaidia, na kwamba watu hubonyeza haraka.

Kinga kubwa ilikuwa badiliko dogo kwenye menyu: kabla ya kuthibitisha, simu huonyesha jina la mpokeaji. Matapeli wakajibu kwa kuongeza maneno "jina litakuja" na kutaja jina la mtu mwingine mapema, ili mtumaji asishtuke. Serikali ikasajili laini upya kwa alama za vidole kati ya 2019 na 2020, na Mamlaka ya Mawasiliano ikafungua namba 15040 ya kupokea taarifa za jumbe za kitapeli. Vita hii bado inaendelea, na sehemu yake kubwa inapiganwa katika zile sekunde chache ambazo jina linakaa kwenye kioo.

Mpaka na makato

Ngara imepakana na Rwanda kwa Rusumo na Burundi kwa Kabanga, kwa hiyo pesa zake zina majirani. Mwaka 2014 Tigo ilianza kuwawezesha wateja wa Tanzania na Rwanda kutumiana pesa huku mfumo wenyewe ukibadili sarafu. Mwaka huo huo Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga 2016. Kabla ya hapo mtu alilazimika kubeba laini mbili tatu kwenye kitambaa.

Julai 2021 tozo ya serikali kwenye miamala ilipoanza, kila mtu alijifunza kusoma mstari wa makato. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilipunguza viwango Septemba mwaka huo na kuendelea kulegeza 2022. Tukio hilo lilionyesha kwamba bei nayo ni sehemu ya ubunifu. Menyu inaweza kuwa nyepesi kama unyoya, lakini mteja akiona amekatwa asichokitarajia, anarudi kwenye noti.

Majina huhama, hatua hubaki

Mteja aliyenunua laini ya Celtel hakubadili namba yake, lakini alijikuta Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Vibanda vikapakwa upya. Lakini nyota, 150, nyota, sifuri moja, reli iliendelea kuitika, na kwa sababu hiyo kishindo cha jina jipya hakikumtoa mteja njiani. Wengi bado wanasema Tigo Pesa, na pesa zinafika.

Hapo ndipo somo la historia hii lilipo. Kampuni hutumia fedha nyingi kwenye jina na rangi, na vitu hivyo vina kazi yake: humleta mtu mlangoni mara ya kwanza. Kinachomrudisha ni hatua anazozijua, ujumbe unaofika, na wakala mwenye salio.

Bado wapo walioachwa nje. Menyu hudhani kila simu ina mwenyewe mmoja anayesoma, wakati katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na wote, na bibi wa Ngara anayeongea Kihangaza tu humpa mjukuu namba ya siri ili amtolee pesa. Sasa kampuni zinawasukuma wateja kwenye programu za simu janja na malipo ya kuskani. Huko nako kuna manufaa, ila kabla hazijaifuta njia ya nyota na reli, wabunifu wao wapande basi hadi Rulenge au Nyakahura, wakae kwa wakala siku ya gulio, na waangalie watu wanavyobonyeza. M-Pesa yenyewe ilipata maana yake kwa sababu kuna watu walikubali kwenda kuangalia.