Dawa, woga na masasi: ni nini kilituliza moyo wa wapiganaji wa Fizi?



Katika mikutano yetu, hapa Baraka na kule vijijini, kuna swali moja linarudi kila mara. Vijana wanauliza: wapiganaji wa 1964 waliwezaje kwenda mbele ya bunduki na mikuki tu? Mmoja anajibu haraka, «Ilikuwa dawa.» Mwingine anasema, «Ilikuwa ujinga.» Sisi tunaona majibu yote mawili ni mafupi sana. Tena ni hatari, juu kijana anayeamini la kwanza anaweza kuishia porini, na anayeamini la pili anadharau wazee wake. Basi tuiangalie hii historia polepole.

Mwezi wa tano 1964, waasi walichukua Uvira. Mwezi wa sita walichukua Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Tarehe 5 mwezi wa nane walikuwa Stanleyville, ndiyo Kisangani. Wapiganaji waliitwa Simba. Wengi walikuwa vijana wasiofundishwa kazi ya jeshi hata siku moja. Mbele ya vita, mganga aliwanyunyizia dawa na kuwaambia kwamba masasi yatageuka maji. Wakaenda mbele wakipiga kelele «Mai Mulele!», kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi kule Kwilu.

Lakini dawa haikuwa maji peke yake. Ilikuwa na miiko. Usiibe. Usiguse mwanamke. Usigeuke nyuma. Usiogope. Tuipime ile miiko kama watu wa kazi. Kukataza kuiba kunafanya kikundi kisitawanyike kutafuta mali wakati vita haijaisha. Kukataza kugeuka kunafanya mtu asimwone mwenzake anaanguka, na asitafute njia ya kukimbia. Na kunyunyiziwa wote pamoja, siku moja, kwa mkono mmoja, kunamwambia kila mtu: huko peke yako.

Mwili wa binadamu ni uleule kila mahali. Masasi yakilia, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka, na macho yanaona kitu kimoja tu. Siyo tabia ya mwoga, ni mwili unajaribu kujiokoa. Ardant du Picq, afisa wa Ufaransa aliyekufa kwa vita ya 1870, aliandika zamani kwamba woga hauondoki kwa mpiganaji yeyote. Kinachomshikilia ni sharia anayoizoea na wenzake anaowajua. Dawa iliwapa Simba vyote viwili kwa siku moja, kitu ambacho jeshi linatafuta kwa miezi mingi ya mazoezi.

Na dawa ilifanya kazi ya pili: iliingia ndani ya kichwa cha adui. Askari wengi wa serikali waliiamini pia. Mahali pengi walitupa bunduki na kukimbia kabla ya kupiga sasi hata moja. Kila mji ulioanguka hivyo ulikuwa kama ushuhuda kwamba dawa ni ya kweli. Imani ilizaa ushindi, na ushindi ukazaa imani.

Mwaka uliofuata, mambo yalibadilika. Tarehe 24 mwezi wa nne 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba, ku pwani yetu. Alijiita Tatu. Alikuja na Wakuba kufundisha vita, na siku za kwanza tu wakamweleza habari ya dawa. Iliyomsumbua zaidi ni namna imani ile ilivyojilinda: mtu akiumia au akifa, kosa ni lake. Aliiba, alilala na mwanamke, ao aliogopa. Na kwa sababu hakuna anayekwenda vitani bila woga, kila maiti ilikuwa na kosa tayari.

Tarehe 29 mwezi wa sita 1965 wakashambulia kambi ya Bendera, penye mtambo wa umeme, kusini ya Fizi. Wakuba na wakimbizi wa Rwanda ndio walikuwa mbele. Mashambulizi yalivunjika. Wakuba wanne walikufa, Wanyarwanda wengi zaidi, na wengi walitupa silaha wakakimbia. Che aliandika baadaye kwamba wapiganaji walikuwa wanafunga macho na kushikilia kidole mpaka masasi yaishe. Mganga alipoulizwa, alisema ni juu ya wanawake na woga. Safari hii jibu halikutosha, akaondolewa ku kazi yake. Muangalie vizuri: aliyebadilishwa ni mganga, siyo wazo.

Tarehe 27 mwezi wa tisa, Mike Hoare na askari wake wa kukodiwa walishuka kutoka ziwani, karibu na Baraka. Hapa walikuta vita ngumu, ya siku kadhaa. Hoare mwenyewe aliandika kwamba wapiganaji wa hapa walikuwa tofauti: walitembea kwa mpango na kufuata filimbi ya kamanda wao. Ule ulikuwa utulivu wa aina nyingine, unaotoka ku mazoezi. Hata hivyo Baraka ilianguka, na Fizi ikafuata mwezi wa kumi. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, Che na Wakuba wake walivuka ziwa kurudi Kigoma.

Siyo kwetu tu. Kule Tanganyika, 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji, na makabila yasiyozoea kupigana pamoja yakasimama juu ya Wajerumani. Maji yaliwaunganisha kweli. Lakini mbele ya boma la Mahenge, bunduki za rashasha hazikuuliza nani amevunja mwiko.

Hapa ndipo tunapofika ku jambo letu. Dawa iliweza kutuliza moyo; haikuweza kusimamisha sasi. Haya ni mambo mawili, na kuyachanganya kumetuua sana. Toka 1996, kwa vita zote zilizofuata, jina limekuwa Mai-Mai, na sasa Wazalendo. Miiko imebaki karibu ileile. Na hukumu imebaki ileile.

Wengi wetu tulirudi kwa meli toka Kigoma, kuanzia 2005, tukitoka Lugufu na Nyarugusu. Tulikuta nyumba zimebomoka, tukazijenga. Lakini kuna kitu hatujajenga. Katika kazi yetu tunakutana na mama wajane wanaosema kwa sauti ndogo kwamba bwana yao alikufa «juu alivunja sharia». Wengine wanashukiwa wao wenyewe: labda ni mwanamke ndiye aliharibu dawa. Watoto wanakua wakijua baba yao alikufa na aibu. Hakuna serikali iliyoleta mzigo huu. Tunaubebeshana sisi kwa sisi.

Kwa vijana wetu tunasema hivi: yule anayekuambia kwamba hutakufa usipoogopa, amekwisha kuandaa jibu la siku utakapokufa. Utulivu wa kweli haukudanganyi juu ya hatari. Ule tunaouhitaji hapa ni wa raia. Ukisikia masasi, lala chini kwanza, vuta pumzi polepole, hesabu watoto. Jueni mapema mtakutana wapi mkitawanyika, na nani atamshika mkono mzee asiyeweza kukimbia. Fanyeni mazoezi siku ya amani, maana siku ya vita kichwa hakifundishwi.

Na kwa wamemba wote tunaomba jambo moja. Kwenye kilio cha mtu aliyekufa kwa sasi, tusiulize alivunja mwiko gani. Tuseme jina lake, tuseme wazazi wake, tuseme sasi ndilo lilimuua. Halafu tuchange, kama kawaida yetu, na mjane apewe kiti cha mbele.