Barabara ya Serengeti: Jinsi Raia Walivyoipinga Lami Mahakamani

MNAMO mwaka 2010, Serikali ya Tanzania ilishikilia mpango wa kujenga barabara kuu ya kuunganisha eneo la Ziwa Victoria na Arusha. Takriban kilomita 53 zingepita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika mapito ya nyumbu wapatao milioni 1.3 ambao kila mwaka huvuka mpaka na kuingia Maasai Mara nchini Kenya.

Safari hiyo ndiyo uhai wa wanyama hao. Nyanda za kusini hukauka wakati wa kiangazi, nao Mto Mara ulioko kaskazini ndio unaowanywesha. Septemba 2010, wanasayansi 27 walionya katika jarida la Nature kwamba iwapo mapito hayo yangekatwa, nyumbu wangeweza kupungua hadi chini ya 300,000. Walichohofia ni wingi wa magari, ajali, na hatimaye nyua ambazo zingejengwa ili kuzuia ajali hizo.

Hata hivyo, serikali nayo ilikuwa na hoja nzito. Rais Jakaya Kikwete alisema wakazi wa Mugumu na Loliondo wana haki ya kufikiwa na barabara kama Watanzania wenzao. Wapinzani hawakukanusha haki hiyo. Walipendekeza barabara izunguke hifadhi kwa upande wa kusini, ingawa ingekuwa ndefu zaidi.

Desemba 2010, shirika la kutetea wanyama la ANAW, lenye makao yake Nairobi, liliishtaki Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Lilitegemea Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya, inayomruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuhoji uhalali wa vitendo vya serikali. Tanzania ilipinga kwamba mahakama haikuwa na mamlaka, lakini pingamizi hilo lilitupiliwa mbali.

Kesi ikiendelea, Juni 2011 Tanzania iliiarifu Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwamba sehemu iliyo ndani ya hifadhi ingebaki ya changarawe. Hatimaye, Juni 20, 2014, mahakama iliamua kwamba barabara ya lami kupitia hifadhi ingekiuka Mkataba wa Jumuiya, ikaizuia serikali kutekeleza mpango huo wa awali.

Uamuzi huo ulidhihirisha kwamba raia wa nchi moja wanaweza kutetea, kwa njia ya sheria, mazingira wanayoyatumia pamoja na jirani zao. Lakini haukupiga marufuku barabara zilizo nje ya hifadhi, na ujenzi wa lami umeendelea katika pande zote mbili. Kadiri ncha hizo zinavyokaribia hifadhi, ndivyo shinikizo la kuziunganisha linavyoongezeka. Ulinzi wa mapito ya nyumbu, kwa hivyo, bado unahitaji raia walio macho.